Maana ya "por algo será", kauli ya majirani wa Buenos Aires

Kwa Kihispania, "por algo será" ni kauli ya kila siku. Kiswahili tunayo ya kwetu, tena tunaitamka upesi mtu akikamatwa: "Si bure, kuna jambo."

Nchini Argentina kauli hiyo ilipata uzito mwingine baada ya jeshi kupindua serikali tarehe 24 Machi 1976. Watu walichukuliwa majumbani usiku, mara nyingi kwa magari ya Ford Falcon yasiyo na namba. Hapakuwa na hati, shtaka wala kesi. Ndugu wakienda kuuliza, waliambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Asubuhi jirani wa tabaka la kati, mwenye kazi yake na watoto wake shuleni, akiona mlango umevunjwa alisema: por algo será.

Hebu tazama kauli hii ilivyofanya kazi. Serikali haikumshtaki mtu mahakamani. Jirani ndiye aliyemtia hatiani, na kosa lenyewe halijui. Papo hapo akajiliwaza: ikiwa waliochukuliwa wana makosa, basi mimi nisiye na kosa nitalala salama. Naiona kauli ya woga kuliko ya ukatili, ingawa mama aliyepotelewa na mwanawe haikumuuma kidogo. Tume iliyochunguza iliorodhesha watu 8,961 waliotoweshwa. Mashirika ya haki za binadamu husema 30,000.

Filamu ya "La historia oficial" ya Luis Puenzo, ya mwaka 1985, inaonyesha kauli hii ikivunjika. Alicia, anayeigizwa na Norma Aleandro, ni mwalimu wa historia. Mumewe ni mfanyabiashara aliye karibu na wakubwa, nao wana binti wa kulea, Gaby. Rafiki yake Ana amerudi kutoka uhamishoni. Wanakunywa, wanacheka kama wasichana, na kicheko hakijakauka Ana anaanza kusimulia alivyochukuliwa na kuteswa, mpaka kicheko kinageuka kilio. Kisha anataja wajawazito waliokuwa kizuizini, na watoto wao waliopewa familia zisizouliza maswali. Alicia anamuuliza kwa nini anamwambia yeye. Hajawahi kumbana mumewe amweleze mtoto yule alimtoa wapi.

Wapo waliouliza. Kuanzia Aprili 1977 akina mama walikusanyika Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, baadaye wakijifunga vitambaa vyeupe kichwani, na kila Alhamisi wakauzunguka uwanja. Mmoja wa waanzilishi, Azucena Villaflor, naye alichukuliwa karibu na nyumbani kwake tarehe 10 Desemba mwaka huohuo. Jambo alilofanya lilikuwa kumtafuta mwanawe. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 2005, na majivu yake yakazikwa palepale uwanjani.