Kuhamisha Si Kunakili

Juzi tena. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, kaingia dukani na diski ya nje kaifunga kwenye leso kama anayebeba mayai. Kuichomeka tu, ikaanza: tk, tk, tk. Kimya. Tk, tk, tk. Nikamwuliza mna nini humu.

"Kila kitu, fundi. Hiyo ndiyo bekapu yangu."

Nikamwambia basi hakuna tabu, Mwalimu, lete laptopu tuzinakili upya kutoka huko. Akanitazama kama niliyesema neno la kipumbavu. "Kwenye laptopu nilizifuta. Si ilikuwa imejaa?"

Mazungumzo haya nimeyafanya mara nyingi mno hapa Amu, yaani Lamu, nyuma ya barabara ya Usita wa Mui, nayaweza usingizini. Anayekuja hubadilika, maneno hayabadiliki. Kwa hivyo leo nayaandika, ili kesho nikiulizwa nionyeshe kidole tu.

Dhana: "Nimeziweka kwenye diski ya nje, kwa hivyo nina bekapu."

Hapana. Ulichonacho ni faili zilizohama nyumba. Jana zilikuwa laptopuni peke yake, leo ziko kwenye diski ya nje peke yake. Idadi ya nakala haikuongezeka: ilikuwa moja na bado ni moja. Bekapu, yaani nakala rudufu, ni ile ya pili, huku ya kwanza ikiwa bado ipo mahali pake. Kama umefuta ya kwanza, hukurudufu chochote.

Tena umezihamishia pabaya zaidi. Diski nyingi za nje za bei nafuu bado ni zile za sahani zinazozunguka, kwa kawaida mizunguko 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani kuna kichwa cha kusomea kinachoelea bila kuigusa, na nafasi iliyopo kati yao ni nanometa chache tu. Unywele wako una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa. Sasa chukua chombo hicho, kiache juu ya meza kikiwa kinafanya kazi, waya unaning'inia, mtoto apite mbio. Kichwa hupiga sahani, na kinapogusa kinakwaruza, na palipokwaruzwa ndipo ilipokuwa picha yako.

Ile tk, tk ni kichwa kinatafuta pa kuanzia, kinakosa, kinarudi, kinajaribu tena. Kila ukiichomeka upya "labda safari hii itasoma", unakipa nafasi ya kukwaruza zaidi. Mwalimu wangu alikuwa ameichomeka siku tatu mfululizo, kwake, kwa jirani na kwa mpwa wake. Na msiniombe niifungue. Diski hufunguliwa kwenye chumba kilichochujwa vumbi, na duka langu lina mlango unaotazama njia ya punda. Wenye vyumba hivyo wapo, lakini bei yao huweza kuzidi ya laptopu yenyewe, na hawakuahidi kitu.

Laptopu angalau hukaa na mwenyewe. Diski ya nje huazimwa. Hupelekwa kwa binamu kutiwa filamu, hutupwa mkobani pamoja na funguo, huvuka kwenda Mokowe, ng'ambo bara, kwenye boti mtu akiwa ameipakata na samaki. Mimi huuliza swali moja tu: hicho ulichoshika kikitumbukia baharini sasa hivi, kuna kilichobaki? Ukianza na "lakini", jibu nimelipata.

"Nimeziweka kwenye D." Hii ni nduguye. C na D kwenye laptopu nyingi ni diski ile ile moja iliyochorwa mstari katikati. Ikifa, zimekufa zote mbili. D inakusaidia Windows ikiharibika na kuwekwa upya, basi.

"Ziko Google Drive, zinajipeleka zenyewe." Folda inayojioanisha ni kioo: ukijipaka masizi, na kioo kina masizi. Ukifuta faili hapa, na kule inafutika. Drive huiweka pipani siku 30, kisha kwaheri. Ukiandika upuuzi juu ya hati nzuri na kuihifadhi, kilichopanda ni upuuzi, na matoleo ya nyuma hayakai milele. Na wale wa "picha Google ni bure bila kikomo", hiyo ilikwisha tarehe 1 Juni 2021. Sasa ni gigabaiti 15 kwa barua pepe, faili na picha kwa pamoja, na akaunti isiyoguswa miaka miwili yaweza kufutwa.

Sisemi msitumie. Hiyo ndiyo nakala pekee ambayo haiko Amu pamoja nawe. Hati ni nyepesi, hazili bando, zipandishe zote. Video za harusi ndizo zitakumaliza.

"Zikipotea, fundi atazirudisha." Kwenye diski za zamani, mara nyingi niliweza, maana kufuta kulikuwa kuondoa jina tu na data ikabaki hadi iandikiwe juu. Kwenye SSD, zile diski mpya zisizo na sahani, kompyuta huiarifu diski kwamba nafasi ile haitakiwi tena, nayo huisafisha. Mimi si mganga.

Flashi: ya kubebea, si ya kuwekea. Sina zaidi.

Diski mbili ndani ya kidaka kimoja? Mwizi hachagui, na moto wa makuti hausubiri. Na ile isiyochomolewa kamwe ni mawindo ya virusi vya kikombozi, vile vinavyofunga faili zako na kudai pesa: programu za aina ya WannaCry, iliyozuka mwaka 2017, hufunga kwa msimbo kila diski zinayoikuta imechomekwa.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja iwe mbali. Mimi kwangu nafanya hivi. Faili ziko laptopuni. Ijumaa baada ya swala nachomeka diski, Historia ya Faili ya Windows inafanya kazi yake, nachomoa. Diski ya pili iko Malindi kwa dada yangu, nikienda naibadilisha. Kila moja inakaa kwenye mkebe wake wa plastiki wenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula chuma hata ukiwa umelala. Mchele wa kukaushia vyombo uacheni upikwe. Na kila miezi michache nafungua faili tatu nne kutoka kwenye nakala, nizione kwa macho. Wapo waliokaa miaka na nakala wasiyowahi kuifungua, siku ya shida wakakuta folda tupu.

Mwalimu, tumemkusanyia mitihani kadhaa kutoka barua pepe alizowahi kuwatumia wenzake. Picha za harusi ya bintiye anaziomba kwa jamaa, zinakuja kwa WhatsApp moja moja, zimebanwa hadi nyuso zina ukungu. Diski yake bado iko kwenye droo yangu, ndani ya leso ile ile. Kila akipita huuliza kama nimeijaribu tena.