Petroli na spidi ya boti ndogo: tunayoambiana mwaloni na ukweli wenyewe

Maneno utakayosikia kwanza mwaloni huku Ziwa Victoria upande wa Uganda, iwe Ggaba au Kasenyi, ni kwamba ukifungua resi yote utafika haraka kwa hiyo petroli itabaki. Si kweli jamani. Boti nzito ya mbao ukitaka iende spidi mara mbili inadai nguvu karibu mara nane, na muda unaookoa ni nusu tu, kwa hiyo safari ileile inakula petroli kama mara nne. Halafu urefu wake una ukomo, ile ya futi 25 ikikaribia kilomita 12 kwa saa inanasa kwenye wimbi lake yenyewe, resi utakayoongeza hapo inakuza wimbi tu. Shuka mpaka 8 au 9 utaona tofauti.

Sasa wengine wanasema basi nusu resi ndiyo nafuu kwa kila boti. Hapa ndipo hela nyingi inapotea, hasa kwa boti nyepesi za faiba. Angalia boti ikiwa nusu resi: pua imeinuka hata mtumbwi wa mbele huuoni, nyuma imezama, maji yanachemka nyuma ya injini. Hiyo ndiyo spidi mbaya kabisa na watu wanaenda nayo mpaka visiwa vya Ssese wakijua wanabana matumizi! Ama punguza hadi pua ilale, hapo ndo inakula kidogo kuliko zote, ama kama una haraka ipandishe iteleze juu ya maji kisha rudisha resi pole pole, uache pale ambapo ukipunguza tena kidogo nyuma inaanza kuzama.

Injini ndogo nayo siyo nafuu kila mara, ikishindwa kuipandisha boti yenye mzigo itabaki pua juu njia nzima na resi imeisha. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, kwa hiyo propela inayofaa Mombasa huku inaweza kuwa nzito kwa injini kuizungusha.

Na usipime kwa saa, pima kwa kilomita. Toa maji yaliyotuama ndani, jaza tangi mpaka alama, washa GPS ya simu, nenda kilomita 2 urudi 2 kwa sababu ya upepo, jazia kwa chupa yenye vipimo uone imekula ngapi, kisha rudia na resi nyingine mzigo ukiwa uleule. Ukipata ile nzuri weka alama kwenye mkono wa injini, na ukibadilisha propela pima upya.