Je, wajua kwa nini watu husubiri kwa hamu muziki ambao hata wapigaji wenyewe hawajui utakuwaje?

Marshall Allen alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 25 Mei 1924. Alipelekwa Ulaya na jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akajiunga na bendi ya Sun Ra, mpiga piano na mtunzi wa Kimarekani, mwaka 1958, na mapema mwaka 2025, akiwa na miaka 100, akatoa albamu ya kwanza ya studio kwa jina lake mwenyewe. Ikitangazwa kwamba mzee huyo atapanda jukwaani na saksafoni yake, tiketi hutafutwa mapema, na wapo wanaosafiri kutoka miji ya mbali. Ukiwauliza watasikia nyimbo gani, hawana jibu. Sasa wanasubiri nini?

Muziki wake uko katika ukoo wa jazi huru. Msomaji asidhani ni jazz ya Morogoro Jazz au Nuta Jazz, bendi za dansi zilizowainua watu vitini. Katika jazz ya Kimarekani iliyozoeleka, wimbo una umbo linalojulikana: beti zake zinahesabika, na mfuatano wa sauti za piano humwonyesha mpigaji njia hata anapobuni ya kwake. Mwishoni mwa mwaka 1959 mpiga saksafoni Ornette Coleman alifika New York na kundi la watu wanne lisilo na piano, wakapiga katika klabu ya Five Spot. Mji ukagawanyika. Wapo waliosema huyu ni mkombozi, wapo waliosema hajui kupiga. Mwaka uliofuata akaingia studio na makundi mawili ya watu wanne wanne, moja likisikika kushoto na jingine kulia, wakapiga kwa dakika 37 hivi bila kukatiza. Albamu iliyotoka, Free Jazz, yaani jazi huru, iliupa muziki huo jina.

Watu wengi husikia neno "huru" wakadhani kila mtu anajipigia atakavyo. Sivyo. Ukiondoa umbo lililopangwa, kinachobaki kuwashika wapigaji pamoja ni masikio. Mpiga besi akishuka chini, mpiga ngoma ana nukta ya sekunde kuamua kama atamfuata, atampinga au atanyamaza. Uamuzi huo huzaa mwingine, na baada ya dakika kumi wamefika mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyepanga kufika. Ni kazi ngumu kuliko kufuata karatasi ya noti, na ndiyo maana wakongwe wanathaminiwa sana hapa: wamekaa miaka hamsini na zaidi wakijifunza kusikiliza.

Tena kila mmoja wao amejitengenezea lugha yake kwenye ala. Evan Parker wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1944, hupuliza saksafoni ya soprano bila kukata sauti: hewa hukaa mashavuni na kusukumwa nje huku akivuta nyingine kwa pua. Wapiga nzumari wa pwani yetu wanaijua mbinu hiyo. Parker akaiongezea kazi ya ulimi na vidole mpaka ala moja ikawa inatoa sauti kadhaa zinazokimbizana. Cecil Taylor, aliyesomea muziki Boston, aliipiga piano kwa vidole, viganja na viwiko, kwa kasi ambayo sikio huikamata kwa jumla tu. Marshall Allen hupangusa vitufe vya saksafoni kwa mkono mzima, ikalia, ikapasuka, kisha ghafla akaimba nayo wimbo mtamu wa zamani. Lugha hizi hazifundishwi zikahamia kwa mtu mwingine zikiwa vilevile.

Kwa maoni yangu tukio linaloeleza jambo hili vizuri kuliko yote lilitokea Willisau, Uswisi, Agosti 1976. Watazamaji walikuwa wamemsubiri mpiga saksafoni Anthony Braxton. Hakutokea, na Roscoe Mitchell wa Chicago akaombwa azibe pengo, yeye na saksafoni yake peke yao. Ukumbi ukachukia. Mitchell akapiga kifungu kifupi cha noti, akakirudia, akakirudia tena, dakika baada ya dakika, kwa ukali uleule, wala hakusogea mbele mpaka kelele za ukumbini zilipoanza kugeuka. Ndipo akaufungua muziki, na watu wale wale wakamshangilia. Rekodi yake ipo, ilitoka mwaka 1977 kwenye albamu Nonaah. Ukiisikiliza unawasikia watazamaji wakiingia ndani ya kazi: bila hasira yao, kifungu kile kisingerudiwa namna ile, na muziki ule usingekuwa ule.

Kwa hiyo shabiki anayesubiri onyesho anajua kwamba naye atakuwa sehemu ya kitakachotokea. Santuri humpa usiku mmoja uliokwisha pita. Ukumbi humpa usiku ambao bado haujawa. Na kumbi zenyewe mara nyingi ni ndogo. Café Oto, iliyofunguliwa London mwaka 2008, ni chumba ambamo unaweza kukaa hatua chache tu kutoka mdomo wa saksafoni, ukasikia pumzi na vitufe. Huko New York, tamasha la Vision, lililoanza mwaka 1996, hutenga usiku mzima kumuenzi mkongwe mmoja akiwa hai, naye hupiga na watu aliowachagua. Huo ni uungwana ninaoupenda sana. Kwetu maua mengi hutolewa kaburini.

Umri nao huubadilisha muziki. Pumzi hupungua, vidole hupunguza mwendo, na mpigaji huanza kuacha noti zote zisizo za lazima. Waliomsubiri Bi Kidude katika Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe, Zanzibar, wanaijua hamu hiyo: hawakufuata sauti laini, walifuata sauti ile moja iliyobeba kila kitu. Tofauti ni kwamba wao walizijua nyimbo zake. Msikilizaji wa jazi huru haoni hata wimbo wa kuushika.

Halafu kuna kifo, ambacho mashabiki hawa wanakihesabu kwa majina. Cecil Taylor alifariki mwaka 2018, miaka miwili tu baada ya jumba la makumbusho la Whitney, New York, kumpa ghorofa nzima kwa maonyesho ya maisha yake, naye akapiga humo. Mpiga saksafoni Joseph Jarman alifuata mwaka 2019, mpiga ngoma Milford Graves mwaka 2021, kisha wapiga saksafoni wengine wawili: Pharoah Sanders mwaka 2022 na Peter Brötzmann wa Ujerumani mwaka 2023. Wimbo ulioandikwa hupata waimbaji wengine. Taylor hakuacha wimbo ambao bendi nyingine ingeupiga ukasikika kama Taylor.

Bendi ya Sun Ra, Arkestra, imejaribu njia nyingine. Sun Ra alifariki mwaka 1993, akaacha tungo nyingi sana, na Allen amekuwa kiongozi tangu mwaka 1995. Wanamuziki wa bendi hiyo wameishi pamoja kwa miongo katika nyumba moja mtaa wa Germantown, Philadelphia, wakifanya mazoezi humo, vijana wakijifunza kwa wazee. Arkestra bado husafiri, na mara nyingi ng'ambo huongozwa na Knoel Scott, kwa kuwa Allen siku hizi hupiga zaidi karibu na nyumbani. Anayetaka kumsikia yeye mwenyewe hulazimika kumfuata huko.