Kabla Hujalipia Kiwanja Kijijini Flores

Maswali ya Indonesia yanayonifikia siku hizi hayahusu tena Bali. Bali imejaa na bei zimepanda, kwa hiyo macho yamehamia mashariki zaidi: visiwa vya Flores, Sumba na Timor, vijiji vya mlimani ambako lami inaishia njiani. Wengi wanaoniuliza wana akiba ya miaka kadhaa, wameona video ya nyumba ya mianzi juu ya bonde la mpunga, na dalali ameshawatumia picha za kiwanja "cha bei ya kutupa". Mimi ni mwanasheria wa ardhi, na jibu langu halibadiliki: mgeni asinunue ardhi katika kijiji cha Indonesia. Pesa yake ina njia nyingine ya kuingia kijijini, nayo nitaieleza. Lakini tuanze na sheria, maana huko ndiko watu wanakopotezea akiba zao.

Sheria kuu ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960, Sheria Namba 5. Inatambua haki kadhaa juu ya ardhi, na iliyo kamili kuliko zote, inayoitwa Hak Milik, ni ya raia peke yao. Mgeni akiipata kwa mirathi, ana mwaka mmoja wa kuiachia. Msomaji wa Tanzania au Kenya hatashangaa, maana kwetu pia mgeni hamiliki ardhi kama raia. Kinachoumiza ni kifungu cha 26: mauziano yoyote yanayompa mgeni ardhi hiyo, iwe wazi au kwa kuzungukia mlango wa nyuma, ni batili, ardhi inaangukia mikononi mwa serikali, na pesa zilizolipwa hazidaiwi. Ndugu msomaji, sentensi hiyo isome mara mbili. Muuzaji habanwi kurudisha chochote.

Hata hivyo madalali wana dawa yao: kuazima jina la mwenyeji. Hati inaandikwa kwa jina la raia, kisha mgeni anapewa bahasha ya karatasi za kumtuliza. Humo mna mkataba wa mkopo wa uongo unaoonyesha kwamba raia yule anadaiwa na mgeni, mkataba wa kukodi, na hati ya uwakilishi isiyoweza kufutwa. Hiyo ya mwisho ilipigwa marufuku na agizo la Waziri wa Mambo ya Ndani tangu 1982, kwa sababu ilikuwa ikitumika kuhamisha ardhi kimyakimya. Karatasi zote hizo zinasimama maadamu mwenye jina hajabadilika moyo, hajafariki na hajaachana na mkewe. Likitokea lolote kati ya hayo, anayekwenda mahakamani ni mtu mwenye ushahidi wa kuvunja sheria mkononi mwake.

Kijijini kuna tatizo la ziada ambalo madalali wa Bali hawalitaji kabisa. Kanuni Namba 224 ya mwaka 1961 inamkataza mtu kumiliki shamba akiwa anaishi nje ya wilaya ndogo lilipo shamba hilo. Lengo lilikuwa kuzuia matajiri wa mijini wasikusanye mashamba ya wakulima. Kwa hiyo yule rafiki yako wa Denpasar, mji mkuu wa Bali, au wa Jakarta uliyeazima jina lake, ingawa ni raia, kwa shamba la Flores naye hastahili.

Tuseme sasa hati iko safi. Bado kuna mmiliki ambaye hati haimwoni: ukoo.

Manggarai, magharibi mwa Flores, ni mahali ambapo natamani kila mwanafunzi wa sheria ya ardhi apelekwe. Ukipanda kilima kilicho Cancar, karibu na mji wa Ruteng, unaona mashamba ya mpunga yamegawanywa kama utando wa buibui. Shamba la pamoja linaitwa lingko. Katikati yake husimikwa mti, mnyama anachinjwa kwa ajili ya mababu, na kutoka hapo vipande vinatanuka hadi ukingoni. Mgawaji ni mzee anayeitwa tu'a teno, na upana wa kila kipande hupimwa pale katikati kwa vidole, kwa kufuata nafasi ya kila nyumba katika ukoo. Aliyepewa analima na kurithisha. Lakini kwa mila, kipande chake hakijaacha kuwa sehemu ya duara.

Mgeni kutoka nje ya ukoo naye alikuwa na njia yake: alifika kwa wazee na kuku na tembo la mnazi au la mtende, akaomba, akapewa. Mipaka ilitajwa kwa mdomo, kwa mti, kwa jiwe, kwa kijito. Utaratibu huo ulitosha ardhi ilipokuwa ya kulima. Labuan Bajo, mji wa bandari magharibi mwa Flores, ulipogeuka mji wa watalii wanaokwenda kuona mijusi wakubwa wa Komodo na serikali ikauweka katika maeneo ya kipaumbele cha juu cha utalii, eneo moja likaanza kuwa na wadai wawili watatu, kila mmoja na mzee aliyempa. Hati ya serikali haimalizi ugomvi wa namna hiyo upesi. Kanuni ya usajili wa ardhi ya 1997 inampa mwenye hati ulinzi baada ya miaka mitano, lakini kwa sharti kwamba aliipata kwa nia njema na anaitumia ardhi kweli. Kiwanja kilichoachwa na nyasi huku mwenyewe yuko ng'ambo kinalikosa sharti hilo la pili.

Wapo wanaotaka kufungua kampuni ya kigeni. Hiyo ni halali, nayo inaweza kupata haki ya kujenga kwa miaka 30, ikaongezwa 20, kisha ikafanywa upya 30. Ila uwekezaji lazima uzidi rupia bilioni 10, yaani karibu dola laki sita kwa viwango vya karibuni. Nyumba ya wageni yenye vyumba vinne haifiki huko. Na wanaopenda ufukwe wajue kwamba mita 100 kutoka alama ya maji kujaa ni eneo la hifadhi.

Basi pesa iingie wapi? Mfano ninaoupenda ni Wae Rebo, kijiji cha Wamanggarai kilicho juu ya mita 1,000 na kufikiwa kwa miguu tu, saa mbili au tatu za kupanda kutoka kijiji cha Denge. Msanifu majengo Yori Antar na wenzake walipofika mwaka 2008, nyumba kubwa za kijiji zenye umbo la koni, mbaru niang, zilibaki nne kati ya saba. Wafadhili walitoa pesa, wanakijiji wakajenga kwa mikono yao na wazee wakawafundisha vijana, na mwaka 2012 UNESCO ikawapa tuzo ya juu ya uhifadhi wa urithi kwa kanda ya Asia na Pasifiki. Wageni leo wanalala juu ya mikeka ndani ya nyumba hizo, wanalipa ada iliyopangwa na kijiji na kununua kahawa ya hapo. Mfadhili hakuondoka na kiwanja, nacho kijiji hakikupoteza duara lake. Mwenye mtaji mdogo anaweza kufanya jambo la namna hiyo kwa makubaliano na kampuni ya kijiji, BUMDes, ambayo sheria ya vijiji ya 2014 inaitambua, au kwa kukodi nyumba kwa mkataba wa wazi.

Anayetaka kuishi huko aanze kama mgeni. Ukilala kijijini, julisha ndani ya saa 24 kwa kiongozi wa RT, ambaye Mtanzania atamwelewa upesi kama balozi wa nyumba kumi. Wae Rebo usipige picha kabla hujapokelewa kwa dua katika nyumba kuu. Kodi chumba, ukae msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, uone barabara inapokatika na maji yanakotoka. Ukiwa bado unataka nyumba ya kukodi kwa miaka mingi, ombi lako litolewe mkutanoni, mbele ya tu'a teno na mkuu wa kijiji wakiwa wameketi pamoja, na majirani wa pande zote nne waweke sahihi kabla hujalipa rupia ya kwanza.