Kutoa upepo mchangani hakudai ringi za bolti

Wapo madereva wanaoamini kwamba ukipunguza upepo wa tairi ili upite mchangani bila ringi za bolti, yaani zenye pete inayobana ukingo wa tairi kwa bolti, tairi litachomoka. Si kweli. Ringi ya kawaida ina kituta kidogo ndani kinachozuia ukingo wa tairi usiteleze. Kwenye makorongo ya mchanga, psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 18 hadi 15 humudu vizuri, ilimradi uende taratibu na usikate kona ghafla. Za bolti zina maana ukishuka chini ya psi 12 hivi.

Nazo zinadai uangalizi. Kaza bolti kwa msalaba, yaani moja kisha iliyo mkabala nayo, kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, kisha zikague baada ya safari ya kwanza. Ukimaliza upande mmoja kwanza, pete hupinda na upepo huvuja. Angalia pia kabla ya kununua: ringi nyingine zina bolti za urembo tu, hazibani chochote.