Saa ya Fundi Ni ya Mradi Gani? Dhana Potofu na Ukweli
Dhana iliyozoeleka kuliko zote katika karakana za Tanga ni kwamba daftari la mahudhurio linatosha kuonyesha gharama ya nguvu kazi. Ukweli ni kwamba daftari hilo huthibitisha tu kuwa fundi aliingia asubuhi na kutoka jioni. Halisemi kama alishinda akichomelea tela la mteja, au aliazimwa na idara ya matengenezo kuziba tangi la karakana yenyewe. Katika karakana moja karibu na bandari nilikoshika hesabu, saa zote za wachomeleaji ziliandikwa kwenye mradi mkubwa uliokuwapo, ukaonekana wa hasara, ilhali matengenezo yakaonekana hayana gharama. Dawa ilikuwa kadi ya kazi yenye namba ya mradi, idara, saa ya kuanza na kumaliza, na sahihi ya msimamizi, inayojazwa siku ileile, hata ikipakwa grisi, wala si Ijumaa kwa kukumbukakumbuka.

Wapo pia wanaoamini kuwa gharama ya saa moja ni mshahara uliogawanywa kwa saa za mwezi. Mshahara ukiwa shilingi 585,000, na wiki ikiwa ya saa 45, ambazo ndizo kikomo cha kawaida katika sheria ya ajira ya 2004, mwezi una wastani wa saa 195 na jibu ni shilingi 3,000. Lakini mwajiri huongeza asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na fundi hulipwa siku 28 za likizo ambazo hamfanyii kazi mteja yeyote. Gharama ya mwaka, 7,757,100, ikigawanywa kwa saa 2,160 zinazobaki baada ya kutoa saa 180 za likizo katika saa 2,340 za mwaka, huwa karibu shilingi 3,590, kabla ya kuhesabu sikukuu na tozo ya ufundi stadi. Anayepanga bei kwa 3,000 anamlipia mteja kutoka mfukoni mwake.

Kuhusu saa za ziada, ambazo sheria inataka zilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, husemwa kuwa nyongeza yote ibebwe na mradi uliofanywa usiku huo. Hiyo ni haki pale tu mteja mwenyewe alipotaka kazi yake iharakishwe. Kama msongamano ulitokana na ratiba mbovu ya karakana, nyongeza hiyo ni gharama ya jumla ya karakana, si ya mradi mmoja, na kumtwika mteja wa mwisho ni kumwonea.

Umeme nao haugawanywi sawa kwa kila idara, kwa maana mashine ya kuchomelea na brashi ya rangi havili uniti sawa.