Kuvimbisha pipa: pipa jipya la mwaloni linavyoandaliwa kabla ya wiski

Jembe likianza kucheza kwenye mpini, mkulima halipeleki kwa fundi. Jioni analitumbukiza kwenye ndoo ya maji, asubuhi analikuta limekaza. Mti umekunywa maji, umevimba, umejaza tundu la chuma. Kuvimbisha pipa ni kazi hiyohiyo, isipokuwa hapa hakuna mpini mmoja: kuna mbao nyingi zilizopangwa duara, na kila moja ikivimba inamsukuma jirani yake.

Mbao za pipa la wiski haziunganishwi kwa gundi wala misumari. Huchongwa zikawa pana katikati na nyembamba kwenye ncha, zikapindwa kwa joto, kisha zikakazwa kwa mikanda ya chuma. Hata mashua ina kalafati, pamba inayoshindiliwa kwenye maungio isipitishe maji. Pipa linategemea mti ubane mti. Likikaa ghalani wiki kadhaa mbao husinyaa, mikanda hulegea, na ukilijaza siku hiyo litavuja.

Siri iko kwenye nyuzi za mti. Ubao ukilowa, urefu wake karibu haubadiliki. Unaotanuka ni upana na unene. Mbao za pipa zimesimama kwa urefu, kwa hiyo upana wote unaoongezeka unaelekea kwenye maungio, na mkanda wa chuma unalizuia pipa lisipanuke. Mbao hazina pa kwenda, zinabanana.

Si kila mwaloni unaofaa. Pipa la wiski ya Marekani hutengenezwa kwa mwaloni mweupe, ambao mishipa yake ya ndani huzibwa na vijitando mti unapokomaa. Mwaloni mwekundu hauna kinga hiyo. Kipande chake kikavu unaweza kukipuliza upande mmoja hewa ikatokea wa pili, kama mrija. Huo hata uuloweshe mwezi mzima, utavuja.

Mbona usimimine wiski yenyewe moja kwa moja, ifanye kazi zote mbili? Kwanza, pombe huvimbisha mti kidogo kuliko maji yanavyofanya. Pili, mbao kavu zitakunywa chochote utakachozipa mwanzo, na nafuu zinywe maji. Kwenye kipipa cha nyumbani cha lita 2, kiasi kinachopotelea kwenye mbao kinauma.

Kazi yenyewe haina ujanja mwingi. Suuza pipa kwa maji mara mbili tatu mpaka vumbi la mkaa lipungue. Usiogope weusi: ndani limechomwa kwa moto makusudi. Koki ya mbao igonge taratibu mpaka ikae, kisha jaza pipa maji ya moto, yasiwe yanayochemka. Liweke kwenye beseni. Litatona hapa na pale, pengine litatiririka. Ongeza maji kila yanaposhuka. Mapipa mengi hukaza ndani ya siku moja hadi tatu. Likipita hapo, badilisha maji kila siku mbili, maana maji yaliyolala ndani ya mti huanza kunuka. Mahali panapong'ang'ania kutona hukaushwa kwa nje na kupakwa nta ya nyuki.

Nionavyo mimi, kosa la wengi ni pupa ya usafi. Sabuni mti unaifyonza na hautaisahau. Klorini ni mbaya zaidi: ikikutana na mbao inaweza kuzaa harufu ya ukungu ambayo hakuna suuza itakayoiondoa. Maji ya bomba yenye dawa yachemshwe kwanza, au yaachwe wazi usiku kucha.

Maji utakayoyamwaga yatakuwa na rangi ya chai. Sehemu ya rangi hiyo ni taninia, ile inayokausha ulimi, na kupungua kidogo si hasara. Ila pamoja nayo inatoka pia ladha uliyolipia. Ndiyo sababu pipa halilowekwi wiki tatu kwa kuhofia tu. Likiacha kuvuja limeiva: mwaga maji na ujaze wiski siku hiyohiyo, kabla mbao hazijaanza kukauka tena.

Mtu wa nyumbani anayetumia pipa jipya anafuata njia ya burboni, wiski ya Kimarekani. Sheria ya Marekani inataka burboni ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, na iingie humo ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5. Baada ya hapo pipa halitumiki tena kwa burboni, na mengi huvuka bahari kwenda Scotland, ambako wiski lazima ikae kwenye mwaloni miaka 3 au zaidi.

Usiige miaka hiyo kwenye kipipa chako. Pipa la kawaida la Kentucky, jimbo la Marekani linalojulikana kwa burboni, huchukua kama lita 200. La lita 2 lenye umbo lilelile lina eneo la mbao kubwa mara nne na nusu hivi kwa kila lita ya kinywaji. Kwa hiyo onja kila wiki tangu mwanzo. Ukisahau miezi kadhaa utakunywa ubao.

Jambo moja lisichanganywe na haya yote. Mkaa wa ndani ya pipa hunasa baadhi ya harufu mbaya, hasa za salfa, lakini hauondoi methanoli, aina ya pombe iliyo sumu. Gongo au chang'aa yenye sumu ikilazwa kwenye mwaloni itatoka na rangi nzuri na sumu yake ileile. Na kukeneka kwenyewe kuna sheria: Kenya, kwa mfano, iliondoa marufuku ya chang'aa mwaka 2010, lakini kwa mwenye leseni. Wengi hununua pombe kali nyeupe dukani, yenye risiti, wakaizeesha wenyewe.

Pipa likitoa wiski ya kwanza, lijaze ya pili bila kulivimbisha upya, alimradi halijakauka. Ya pili itachelewa kupata rangi, kwa sababu mti umeshatoa sehemu kubwa ya ulichokuwa nacho. Kama huna cha kujaza, acha maji ndani na uyabadilishe kila baada ya siku chache.